Baba amehama, mtoto ameporomoka darasani: tuanzie wapi?

"Mimi na mume wangu tumetengana tangu Februari. Talaka bado. Yeye amepanga upande mwingine wa mji, mimi nimebaki na watoto watatu. Wa pili, wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano shule ya serikali. Mwaka jana alikuwa ndani ya kumi bora, ila mtihani wa Juni ameshika nafasi ya 61 kati ya 78. Hisabati ametoka 41 mpaka 22 kwa 50. Kiswahili bado anapata 40. Amepigana mara tatu, anawajibu walimu, na mwalimu anasema Jumatatu nyingi haonekani shuleni. Wikiendi huwa kwa baba yake, anarudi Jumapili usiku, na mara nyingi tunagombana na baba yake pale mlangoni kuhusu hela. Mwalimu wa nidhamu ameniambia watoto wa masingo maza ndivyo walivyo, dawa yao ni fimbo. Mama mkwe anataka nimpeleke kijijini akakae naye, shemeji anasema bweni. Dada yake wa kidato cha tatu hana shida kabisa, namshukuru Mungu, ndiye ananisaidia kila kitu. Wa mwisho ana miaka mitano. Je, nirudiane na baba yao ili mtoto apone? Au nimpeleke bweni?"

Mama, pole kwa miezi hii. Umeandika kwa uchungu, lakini umeandika kama mtu anayemwangalia mwanawe vizuri. Umetaja Jumatatu, umetaja hisabati, umetaja mlangoni Jumapili usiku. Mambo hayo matatu yananieleza mengi kuliko ile nafasi ya 61.

Unachouliza, nikikuelewa, ni hiki: kutengana kwenu ndiko kumemharibu mtoto, na je, ni lazima mrudiane ndipo apone? Kutengana kumemuumiza, ndiyo. Hilo sitakuficha. Ila kinachomshikilia chini leo, miezi minne na zaidi baadaye, ni mambo yanayojirudia kila wiki, na mengi kati ya hayo mnaweza kuyabadilisha bila ninyi wawili kurudi chumba kimoja na bila mtoto kuhamishwa.

Kwanza tuondoe maneno ya yule mwalimu. Mtafiti wa Marekani, Mavis Hetherington, alifuatilia familia zilizoachana huko Virginia kuanzia miaka ya 1970. Aliona kwamba miaka miwili ya mwanzo ndiyo migumu zaidi, halafu watoto wengi hutulia. Takriban watoto 25 kwa 100 wa wazazi walioachana walibaki na matatizo makubwa ya kitabia au ya kihisia, wakati katika familia ambazo hazikuachana walikuwa kama 10 kwa 100. Hatari imeongezeka zaidi ya mara mbili, na mzazi asilipuuze hilo. Lakini watoto 75 kwa 100 hawakuharibika. Hakuna namna ya kusoma hesabu hiyo ukapata "ndivyo walivyo".

Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith walizichambua kwa pamoja tafiti 92 zilizolinganisha watoto wa wazazi walioachana na wale wanaoishi na wazazi wote wawili. Tofauti ilikuwepo, katika masomo na katika nidhamu, lakini kwa wastani ilikuwa ndogo. Tena waliona kwamba watoto wanaoishi na baba na mama katika nyumba ya ugomvi mkali walikuwa na hali mbaya kuliko watoto ambao wazazi wao wameshaachana. Kilichotabiri maumivu kwa nguvu zaidi ni ugomvi. Tafiti hizo ni za nchi zenye mazingira tofauti na yetu. Huku kwetu Tanzania kuna bibi, mashangazi na majirani, na kuna pia uhaba wa fedha unaouma zaidi. Hata hivyo, ugomvi wa wazazi unavyoingia kichwani mwa mtoto hauna uraia.

Hebu nieleze unavyoingia, maana ukishaelewa hapo, hatua zote zitakazofuata utaziona mwenyewe.

Mtoto wa miaka 11 hadanganyiki tena kwamba baba amesafiri kikazi. Anaelewa kwamba watu wazima wawili anaowapenda hawapatani, anaona kila mmoja anavyokunja uso jina la mwenzake likitajwa, na anaanza kupiga hesabu: nikifurahi kwa baba, mama ataumia, nikimwambia baba kwamba mama amelia, watagombana. Kazi hiyo ya kulinda pande mbili anaifanya mchana na usiku. Anasikiliza mlio wa simu yako, anasikiliza sauti yako ukiongea na dada yako jikoni. Mwili wake unabaki katika hali ya tahadhari: homoni ya msongo, kotisoli, hupanda, usingizi huwa mwepesi, na sehemu ya ubongo inayoshika mambo machache kwa wakati mmoja ili kuyafanyia kazi inakuwa imeshajaa kabla hajaketi kwenye dawati.

Ndiyo maana hisabati imeanguka na Kiswahili hakijaanguka. Kusoma kifungu cha habari na kujibu maswali anatumia lugha aliyokwisha kuijua. Lakini mpe ⅓ + ¼. Atafute KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4, aikumbuke kuwa ni 12, abadilishe ⅓ kuwa 4/12, aishike hiyo kichwani huku akibadilisha ¼ kuwa 3/12, kisha ajumlishe viasi bila kujumlisha asili. Hatua nne au tano, na katikati wazo moja tu la "leo baba atapiga simu kweli?" linatosha kuimwaga yote. Ataandika 2/7, mwalimu ataweka kosa, na yeye ataamini kwamba amekuwa mjinga. Isitoshe, hisabati hujengwa juu ya somo la jana. Kiswahili cha Jumatatu aliyokosa kinafidika Jumanne. Hesabu za sehemu za Jumatatu aliyokosa zinamfungia mlango wa wiki nzima.

Tuje kwenye hizo Jumatatu. Mtoto mtoro kwa tabia hukosa siku yoyote, hasa siku za mtihani, za usafi au za kuulizwa michango. Wa kwako anakosa siku inayofuata makabidhiano. Jumapili usiku anarudi amechoka, pale mlangoni mnagombana, analala saa tano huku moyo unamwenda mbio, asubuhi tumbo linauma. Maumivu hayo ya tumbo usiyaite uongo. Msongo hubana tumbo la mtoto kwelikweli. Pengine pia sare imebaki kwa baba, au daftari la hesabu, na anaogopa kufika bila vifaa. Kabla hujaamua lolote kuhusu bweni, nenda shuleni umwombe mwalimu wa darasa muangalie rejista ya mahudhurio kuanzia Januari. Andika tarehe alizokosa. Pembeni andika wikiendi alizokuwa kwa baba na tarehe za yale mapigano matatu. Natarajia mtaona zimekaa karibu karibu. Zisipokaa hivyo, kama anakosa pia Jumatano au amekuwa akikosa hata wiki ambazo hakwenda kwa baba, basi tafuta sababu nyingine: anaonewa na wenzake, anadaiwa kitu shuleni, kuna mtu njiani anamtisha. Nalisema hili kwa sababu wazazi waliotengana hulaumu kutengana kwa kila kitu, na jambo lingine zito likapita bila kuonekana.

Kuhusu kupigana. Huzuni ya mtoto wa kiume wa umri huo mara nyingi hutoka ikiwa hasira, maana kulia amekatazwa tangu mdogo na kupigana kuna heshima yake uwanjani. Muulize kwa utulivu, siku ambayo hakuna kesi, ugomvi ulianza na neno gani. Huenda kuna mtoto anamtania kuhusu baba yake. Kumchapa mtoto wa aina hii kunaongeza tahadhari ileile inayomzuia asisome, na kunamthibitishia kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Kanuni za viboko mashuleni nazo haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo: mamlaka ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Unaweza kumwambia mwalimu mkuu kwa adabu kwamba unaomba mtoto wako apewe adhabu nyingine, na kwamba wewe utafuatilia nyumbani. Makosa yake yasipite bila hatua. Aliyempiga mwenzake amwombe radhi mbele ya mwalimu na afanye kazi ya kurekebisha alichoharibu. Huruma isiyo na mipaka humtisha mtoto kama ukali; anahitaji kuona bado kuna mtu mzima anayeongoza nyumba.

Sasa maswali yako mawili, na la tatu la mama mkwe.

Kurudiana kwa ajili ya mtoto. Kama wewe na mumeo mna jambo linaloweza kusuluhishwa, na wote wawili mnataka, msuluhishwe. Ndoa yenu ni yenu na mimi siwezi kuipima kwa barua moja. Lakini mkirudi nyumba moja na ugomvi uleule, mtamrudisha mtoto kwenye kundi lile la tafiti lenye hali mbaya zaidi. Na mkirudiana Agosti mkatengana tena Novemba, atajifunza kutoamini chochote mnachomwambia. Msimfanye mtoto kuwa sababu ya kurudiana, hata kwa maneno. Akisikia "nimerudi kwa ajili yako", siku mkigombana atajua ni kosa la nani.

Kijijini kwa bibi. Sina neno baya juu ya bibi. Kuna watoto wengi nchini waliolelewa na bibi wakasoma vizuri, na mama mkwe anayemtaka mjukuu wake ni neema. Tatizo ni wakati. Mwanao amempoteza baba wa kila siku mwezi Februari. Ukimhamisha sasa, atawapoteza mama, dada, mdogo wake, marafiki na walimu kwa mpigo, na yeye atatafsiri kwamba amefukuzwa kwa sababu ya kupigana. Uhamisho wenyewe una taratibu zake: kibali cha mwalimu mkuu wa shule anakotoka na ya anakokwenda, taarifa zake zihamishwe kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na wiki kadhaa za kuzoea mwalimu mwingine katikati ya mwaka. Kama mama mkwe ana nguvu, mwombe aje yeye akae nanyi wiki mbili shule zinapofunguliwa Julai. Uwepo wake nyumbani Jumapili usiku, mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, unaweza kuzima ule ugomvi wa mlangoni. Likizo ya Desemba mtoto aende kijijini kwa raha zake.

Bweni. Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo wa kwako wa darasa la tano ndiyo kwanza amevuka. Bweni humsaidia mtoto pale ambapo nyumbani si salama, au hakuna mtu mzima wa kukaa naye, au safari ya shule ni ndefu mno. Hayo yote hujayataja. Bweni halimfundishi mtoto kubeba huzuni. Linamfundisha kuificha, na kwenye bweni lenye matroni mmoja kwa watoto wengi hakuna atakayegundua kwamba halali usiku. Kama baada ya mwaka mmoja nyumba imetulia na yeye mwenyewe anataka kwenda kwa sababu ya masomo, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo tufanye nini? Anza na baba yake, na anza na Jumapili. Mtafuteni mtu mmoja anayekubalika kwenu wote, mshenga wenu kama yupo hai na anaheshimika, au mzee wa kanisani au msikitini, mkae saa moja bila watoto. Msizungumzie nani alikosa nini kwenye ndoa. Kubaliana mambo haya tu: mtoto anarudi Jumapili saa tisa alasiri, si usiku. Anarudi na sare, begi na madaftari yote, na baba ahakikishe kazi ya nyumbani imefanywa Jumamosi. Hela hazizungumzwi mlangoni wala mbele ya mtoto. Zinazungumzwa kwa ujumbe wa simu siku ya Jumatano, mtoto akiwa shuleni. Na baba apige simu kwa watoto siku mbili zilizopangwa, kwa mfano Jumanne na Alhamisi saa moja jioni, dakika kumi zinatosha. Simu isiyojulikana itakuja lini ndiyo inayomfanya mtoto asubiri kila jioni na asifungue daftari.

Ikiwezekana mnunulieni sare ya pili ikae kwa baba. Ni gharama, najua, lakini ni ndogo kuliko Jumatatu anazopoteza.

Kuna jambo moja wazazi wengi hulifanya bila kujua ubaya wake: kumtuma mtoto. "Mwambie baba yako hela ya mchango wa chakula haijafika." "Muulize mama yako jana alikuwa na nani." Kila ujumbe wa aina hiyo unamweka katikati, na jibu baya likija, yeye ndiye anayeliona kwanza usoni. Michango ya shule, baba aitume moja kwa moja kwa namba au akaunti ya shule na akutumie uthibitisho. Na wewe, hata kama una haki ya kulalamika, tafuta dada au rafiki wa kulalamika kwake mbali na masikio ya watoto. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba.

Baada ya kikao hicho, waambieni watoto ukweli pamoja, wote watatu, mkiwa wawili kama mnaweza kukaa dakika ishirini bila kurushiana maneno. Watoto ambao hawajaelezwa hujaza pengo wenyewe, na mara nyingi hulijaza kwa kujilaumu. Maneno yawe machache: "Baba na mama hatutaishi nyumba moja kwa sasa. Ni uamuzi wa watu wazima. Hakuna mlichofanya kuusababisha, na hakuna mtakachofanya kuubadilisha. Mtalala hapa siku za shule, mtakwenda kwa baba wikiendi. Baba ataendelea kuwa baba na mama ataendelea kuwa mama." Msiahidi kwamba baba atarudi kama hamna uhakika. Halafu nyamazeni, wao ndio waulize. Huyu wa 11 huenda asiulize chochote siku hiyo, akauliza wiki mbili baadaye mkiwa njiani kwenda sokoni. Jibu hapohapo, kwa ufupi uleule.

Shuleni, usianze na mwalimu wa nidhamu. Mwone mwalimu wa darasa, na kama shule ina mwalimu wa malezi na unasihi, naye awepo. Huna haja ya kueleza kwa nini mmetengana. Mweleze kwamba baba amehama tangu Februari, kwamba wikiendi mtoto huwa kwake, na kwamba mmeshabadilisha muda wa kumrudisha. Kisha omba vitu vinavyowezekana hata kwenye darasa la watoto 78: akae viti vya mbele, mwalimu akutumie ujumbe mfupi siku hiyohiyo akikosekana kabla ya saa tatu asubuhi, asiitwe mbele ya wenzake kwa ajili ya michango, na awepo mwalimu mmoja ambaye mtoto anaruhusiwa kumfuata akihisi hasira inapanda, kabla hajarusha ngumi. Mtoto mwenyewe ajue mwalimu huyo ni nani. Ukiweza, baba naye aende shuleni siku nyingine au siku hiyohiyo. Walimu hubadilika namna wanavyomtazama mtoto wanapoona wazazi wote wawili wanafuatilia.

Kwa hisabati, usimpeleke tuisheni ya darasa la tano ya watu arobaini. Kule wanasonga na mada, yeye shimo lake liko nyuma. Chukua daftari lake utafute mahali makosa yalipoanza kuongezeka. Kwa watoto wengi wa umri huu utakuta jedwali la kuzidisha la 6, 7, 8 na 9 halijakaa sawasawa, kisha KDS, kisha sehemu. Dakika ishirini kila siku ya shule, muda uleule, baada ya kula na kupumzika: tano za jedwali kwa mdomo, kumi na tano za maswali manne tu ya aina moja. Akipata manne sahihi siku tatu mfululizo, sogea mada inayofuata. Maswali yawe machache hivyo kwa makusudi, maana mtoto aliyeanza kujiona mjinga anahitaji kumaliza kazi akiwa ameshinda. Kama wewe hesabu zinakupiga chenga, mwalimu wake au mwanafunzi wa sekondari wa jirani anaweza kusimamia, lakini asiwe dada yake, sababu nitaieleza. Toa wiki sita hadi nane kabla ya kutazama alama. Mahudhurio yatapanda kwanza, mapigano yatapungua, na hesabu itakuja mwisho. Wazazi wengi hukata tamaa wiki ya tatu kwa sababu wanaangalia alama peke yake.

Usingizi: mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Kama anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi saa mbili na nusu usiku awe amelala, simu na televisheni vimezimwa nusu saa kabla. Kwa baba iwe hivyohivyo. Msipokubaliana mengine yote, kubalianeni hili.

Sasa huyo binti wa kidato cha tatu. Umeandika kwamba hana shida kabisa, na hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Wazazi wakitengana, mara nyingi mtoto mkubwa wa kike huvaa viatu vya mtu mzima: anapika, anamwogesha mdogo, anakusikiliza ukilia, hakuletei tatizo lolote kwa sababu ameona una ya kutosha. Shule inamsifu, wewe unamshukuru Mungu. Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne, na huenda anasoma saa tano usiku baada ya vyombo. Muulize analala saa ngapi. Gawanya kazi upya: mdogo wake wa miaka 11 anaweza kuosha vyombo, kufagia na kuteka maji, na itamsaidia kujiona ana nafasi katika nyumba. Siri za ndoa yako usimgawie. Na umpe walau saa moja kwa wiki ya kuwa naye peke yake, mkizungumza mambo yake na si ya nyumba.

Wa miaka mitano anaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo yako, kuogopa kubaki shuleni. Kwa muda ni kawaida. Usimchape wala kumwaibisha. Mwambie kila asubuhi nani atamchukua shule, na awe ni huyohuyo kweli.

Kuhusu fedha na sheria, kwa ufupi, kwa sababu ugomvi wenu wa mlangoni ni wa hela na una njia zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto ambaye wazazi wametengana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine ilimradi hilo lisivuruge masomo yake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nguvu yako unapoomba arudi Jumapili mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwekea baba jukumu la kuwatunza watoto hata wakiwa wanaishi kwa mama. Kama kikao cha mshenga hakikuzaa kitu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako. Atawaita wote wawili na kuandika makubaliano, na yakishindikana atakuelekeza mahakamani. Mkifikia kutaka talaka, shauri hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Katika suala la nani akae na watoto, mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto na husikiliza matakwa yake akiwa na umri wa kujieleza. Msimfundishe cha kusema.

Yote niliyoandika juu ya kukaa pamoja na kukubaliana yanadhani kwamba baba yao si mtu wa kupiga. Kama alikuwa anakupiga wewe au watoto, au anakutishia, usikae naye peke yako kwa kikao chochote na usimkabidhi mtoto mlangoni. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, makabidhiano na mawasiliano yapangwe kupitia kwao.

Mpeleke mtoto aonwe ana kwa ana, usisubiri wiki sita, ukiona lolote kati ya haya: anazungumza juu ya kufa au kutamani asingezaliwa, anajiumiza mwilini, ametoroka nyumbani na kulala nje, ananuka pombe au bangi, ameacha kula au halali kwa zaidi ya wiki mbili, amemjeruhi mwenzake, au ghafla anakataa katakata kwenda mahali fulani au kuwa karibu na mtu fulani na hataki kusema kwa nini. Hilo la mwisho lichukue kwa uzito hata kama mtu huyo ni ndugu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuulizia huduma za afya ya akili na ustawi wa jamii. Ukienda, beba ile karatasi ya tarehe uliyoandika shuleni, itamwokolea daktari muda mwingi. Namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, bure, na wewe mzazi pia unaruhusiwa kupiga. Akisema habari za kufa, kaa naye usiku huo, ondoa dawa na sumu za wadudu ndani ya nyumba, na asubuhi muende hospitali, hata kama ni siku ya shule.